Breki za Ambilikile

Kwa miaka ishirini na mmoja Ambilikile Mwasomola aliangusha ng'ombe kwenye machinjio ya Tukuyu bila mkono kumtetemeka. Alimshika dume pembe, akampinda shingo, akampigisha magoti, na kisu kilipita mara moja tu. Sasa alikuwa amelala chali chini ya Kurunzi, mashine ya kupima ubongo, viganja vyake amevilalia mwenyewe kama mtu anayezuia mbwa wawili, na hakuthubutu kushika hata kijiko.

"Tangu kupambazuke nimeshamchinja mara arobaini," alisema.

Daktari Tusajigwe Mwaipopo, ambaye kituo kizima kilimwita Tusa, hakuinua macho kutoka kwenye kioo cha mashine. "Nani?"

"Lugano. Mwanangu. Ana miaka minne. Napitisha kisu hapa," akainua kidevu kuonyesha koo lake, "damu inaruka mpaka kwenye picha yetu ya harusi ukutani, na yeye ananitazama tu. Nikifumba macho inaanza upya. Nikisali inaanza katikati ya sala."

"Umewahi hata kumfinya?"

"Daktari, huu mwezi wa tano sijalala nyumba moja naye. Nalala zizini. Mama Lugano ananifungia kwa nje, na kabla hajafunga mlango namwambia anifunge na mikono."

Makovu ya kamba ya katani yalikuwa yamezunguka vifundo vya mikono yake, mengine bado mabichi.

Tusa alirudi kwenye kioo. Dakika kumi kabla alikuwa amemchoma sindano ya rangi inayosafiri na damu mpaka ubongoni na kunata penye vipokezi tu, vile vijilango vya seli vinavyopokea serotonini. Penye vipokezi vilivyo macho, kioo kiliwaka njano. Dawa aliyokuwa akimeza Ambilikile kila asubuhi ilikuwa na kazi moja, kuongeza serotonini, na kwa wengi wenye ugonjwa wake wa mawazo ya kutisha yanayojirudia picha ilibadilika kabla ya wiki ya sita, mtu akaanza tena kula meza moja na wanawe. Kwa Ambilikile ilikuwa wiki ya sita na sehemu yote ya juu ya ubongo ilikuwa giza vilevile.

Ila chini, kwenye shina la ubongo, mahali seli zinazotengeneza serotonini zimejikusanya, njano iliwaka kama tanuri. Hivyo ndivyo vipokezi vya breki. Vikihisi serotonini imezidi, vinaiamuru seli ipunguze kazi. Dawa inakanyaga mafuta, vyenyewe vinakanyaga breki, na mgonjwa anabaki palepale, pengine na hali mbaya zaidi. Breki hizo huchoka. Lakini kwa mtu aliyejaliwa nyingi kiasi hiki zingechoka wiki ya kumi, labda ya kumi na mbili. Tusa alifungua picha ya wiki mbili nyuma, akaiweka sambamba na ya leo. Ya leo ilikuwa imefifia. Kidogo sana, lakini imefifia.

Sheria ilitoa wiki sita.

Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka ule mtu mmoja alipoingia mnadani na bunduki akaua watu thelathini na wanne. Mtu yule hakuwa na ugonjwa huu. Hakuogopa kitu chochote. Lakini nchi ilikuwa na hasira na ilitaka mtu wa kumfungia. Tangu hapo, kila aliyekiri kwa mganga kwamba anaona mauaji kichwani aliandikishwa na kupewa dawa, na vipokezi vyake visipoitikia alilazwa chini ya Mwale. Mwale ulikuwa sauti kali isiyosikika. Ulipenya fuvu bila kisu na kuunguza uzi mmoja mwembamba wa ubongo, ule unaobeba hofu. Mawazo yalikoma siku hiyohiyo.

Tusa alikuwa ameshawaunguza watu kumi na tisa. Wote walimshukuru.

*

"Nipe wiki sita nyingine," alimwambia Profesa Kaijage saa tano asubuhi hiyohiyo, amesimama mbele ya meza yake na picha mbili mkononi. "Breki zake zinachoka. Dawa itamshika."

Profesa Kaijage, mkurugenzi wa kituo, alikuwa mtu mpole ambaye hakupandisha sauti hata siku moja. Alizitazama picha kwa heshima, akazirudisha.

"Na akimchinja mtoto wiki ya tisa, utakwenda kumzika wewe?"

"Watu hawa hawachinji, Profesa. Wanaogopa kuchinja. Ndiyo maana wanafungwa kamba."

"Unajua hivyo kwa kuhesabu watu. Mimi nikiitwa bungeni siulizwi hesabu, naulizwa huyu mmoja." Alivua miwani. "Tena yeye mwenyewe anataka. Ameweka dole gumba."

"Anataka kwa sababu hajui." Kisha Tusa akasema lililomleta hasa. "Profesa, nilitaka kuona namba saba katika wale kumi na tisa anaendeleaje. Mwalimu Asegelile. Faili lake limefungwa, halinifungukii. Na la namba kumi na mbili."

"Walihamia nje ya nchi."

"Wote wawili?"

"Kesho saa nne, Daktari. Ukiona mkono wako ni mzito, nitabonyeza mimi."

Tusa alimkuta Ambilikile koridoni, amesimama na mkewe Subilaga, mwanamke mwembamba aliyevaa koti la mvua la kiume. Tusa akawaeleza yote, taratibu, breki na mafuta, akawaonyesha kwa kidole pale palipofifia. Subilaga aliitazama picha muda mrefu. Mumewe hakuitazama.

"Wiki sita nyingine," alisema Ambilikile. "Unajua nitamuua mara ngapi kwa wiki sita? Kila mara ni kweli, Daktari. Sioni kama sinema. Nasikia uzito wake. Nasikia anavyolegea." Akapiga magoti pale sakafuni, mtu mzima wa kilo mia. "Nichome. Kama una mtoto, nichome."

*

Kesho yake saa nne mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi cha watu kusogeleana masikio. Ambilikile alilazwa kitandani, kichwa kimebanwa na fremu ya chuma kwa skrubu nne, mikono na miguu imefungwa mikanda kwa ombi lake mwenyewe. Profesa alisimama kando ya ukuta. Tusa alikuwa na kidole juu ya kitufe na alikuwa hajakibonyeza kwa dakika nzima.

Ndipo Sista Bupe, muuguzi wa zamu, alipopiga kelele nje ya mlango. Ilikuwa kelele fupi, ikakatika kama uzi.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Aliyeingia alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, suti ya kijivu, tai imefungwa vizuri, viatu vimepigwa rangi. Mkono wa kulia ulishika panga. Damu ilikuwa imelowesha mkono wa koti mpaka kiwikoni, ikidondoka na maji ya mvua.

"Habari za asubuhi," alisema. "Samahani kwa mlinzi. Alisema siruhusiwi kuingia."

Tusa alimjua kabla hajamaliza kusema. Miaka miwili nyuma mtu huyu alilala kitanda kilekile. Alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye kila akiingia darasani aliona mkono wake ukishika jiwe na kupasua vichwa vya watoto, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa madawati. Hakuwahi kumpiga mtoto hata fimbo. Baada ya Mwale alimletea Tusa kikapu cha parachichi.

"Mwalimu Asegelile," alisema Tusa. "Weka panga chini, tafadhali, tuongee."

"Nimekuja kuongea." Alitembea mpaka upande wa pili wa kitanda, akamtazama Ambilikile kama mtu anayetazama bidhaa dukani. "Jumanne nimemuua kaka yangu. Tulikuwa tunakunywa uji. Alisema nimemwaga, nami sikuwa nimemwaga. Nikampiga na mchi. Alipoanguka nikampiga tena, kwa sababu sikuona sababu ya kuacha." Sauti yake ilikuwa ileile ya kufundishia. "Halafu nikakaa kusubiri. Nilijua kuna kitu mtu anasikia baada ya jambo kama hilo. Nikasubiri Jumatano. Leo Alhamisi. Hakuna kinachokuja, Daktari. Zamani nilikuwa nalia kwa mauaji ambayo sijafanya. Sasa nimefanya, na nimekula vizuri tu. Nirudishie."

"Mwalimu..."

"Ulichokitoa. Nirudishie."

"Hakirudi," alisema Tusa. "Kimeungua. Nisamehe. Hakirudi."

Asegelile alitikisa kichwa polepole, kama vile mwanafunzi amempa jibu alilolitazamia. "Na huyu ndiye aliyenipokea mwaka jana," akamgeukia Profesa, "nilipokuja kulalamika kwamba nimemvunja mke wangu mkono na sijali. Aliniambia nisirudi hapa. Alinipeleka na gari mpaka mpakani."

Profesa alianza kusema kitu, mkono ameuinua mbele ya uso. Panga likashuka. Liliingia chini ya kiwiko na kukwama kwenye mfupa, na Asegelile akaweka mguu kwenye tumbo la Profesa ili alichomoe. Hakukunja uso. Profesa aliteleza ukutani akiacha mchirizi mpana, akitoa sauti ambayo Tusa hakujua kama mtu anaweza kuitoa.

Tusa alirukia mikanda. Akafungua wa kifuani, akafungua wa mkono.

"Usinifungue!" Ambilikile alibweka. "Kuna panga humu! Usinifungue, nitawamaliza wote!"

"Hutamaliza mtu!" Alizungusha skrubu kwa vidole vilivyokuwa vinateleza, moja, mbili, ya tatu ikachana ngozi ya paji la uso, damu ikamwingia Ambilikile machoni. "Inuka! Inuka umshike!"

Asegelile alikuwa ameshapata panga lake na alikuwa analipima tena, safari hii shingoni mwa Profesa. Ambilikile akaanguka kutoka kitandani na mkanda mmoja ungali mguuni. Akatambaa, akainuka, na mwili ukafanya ulichokizoea kwa miaka ishirini na mmoja: mkono mmoja ulikamata kidevu cha yule mzee kwa nyuma, mwingine ukakamata kifundo cha mkono wenye panga, goti likazama mgongoni. Bega la Asegelile lililia kama ukuni mkavu. Wakaanguka pamoja, wakabingirika. Mchinjaji alikuwa juu, amemkalia kifuani, na panga lilikuwa mkononi mwake, makali yake yamegusa koo.

Mvua ilipiga. Hakuna aliyesogea.

"Muue," alisema Profesa kutoka sakafuni, kwa sauti ya kukoroma. "Muue huyo!"

Mkono wa Ambilikile ulianza kutetemeka. Tetemeko likapanda begani, likaingia shingoni, meno yakagongana. Jasho na damu vilimdondokea Asegelile usoni, naye akayatazama macho ya mtu aliyemkalia kwa udadisi, bila kupepesa.

"Unaogopa," alisema Asegelile.

Ambilikile akaukaza mpini mkononi.

"Ukinikata, utaumia?"

"Nitakufa," Ambilikile alinong'ona. "Nitakufa kabisa."

"Una bahati, kijana," alisema Mwalimu Asegelile, akafumba macho. "Kata ukitaka. Kwangu ni sawasawa tu."

Panga likaanguka. Ambilikile akamkumbatia yule muuaji kwa mikono yote miwili, akambana sakafuni kwa uzito wake wote, akalia kwa sauti, akaendelea kulia na kubana mpaka polisi walipofika na kuwatenganisha.

*

Mlinzi, mzee Kasyupa, walimkuta getini amekufa, mwavuli bado umefunguka juu yake. Sista Bupe alikuwa amekatwa begani lakini aliishi. Profesa alibebwa, mkono ukining'inia kwa ngozi.

Tusa alikuwa amekaa kwenye sakafu ya chumba cha Mwale, na Ambilikile alikuwa mbele yake, kipande cha blanketi mabegani. Tusa aliwaza juu ya watu kumi na wanane waliobaki huko majumbani, wanaokula vizuri, wanaolala vizuri.

"Umeona mwenyewe," alisema Ambilikile.

"Nimeona. Ulikuwa na panga shingoni mwa mtu na hukukata."

"Umeona vibaya. Mimi niliusikia mpini. Mkono ulitaka. Ulibaki unywele mmoja." Aliitazama mikono yake kwa chuki. "Nichome sasa hivi. Mashine inawaka."

"Umemwona yule mzee alivyo?"

"Yule alikuwa ameshaharibika. Mimi siyo yeye."

"Alikuwa kama wewe. Kama wewe kabisa."

"Ni kichwa changu!" Alipiga sakafu kwa ngumi mpaka ngozi ikachanika. "Kichwa changu, mtoto wangu, dole gumba langu! Wewe ni nani wa kukataa?"

Tusa alijua kwamba akitoka pale, angekuja daktari mwingine kesho, mwenye karatasi ileile na kidole chepesi. Akasimama. Akatoa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akauinua kwa mikono miwili, akaupiga kwenye kichwa cha mashine ya Mwale. Lenzi ya kwanza ilipasuka kwa mlio wa glasi. Akapiga tena. Alipiga mpaka pete nzima ya lenzi ikawa kokoto, mpaka nyaya zikachomoza na kutoa cheche, mpaka mabega yakakataa, na nyuma yake Ambilikile alikuwa anapiga mayowe kama mtu anayechomewa nyumba, akimlaani yeye na tumbo lililomzaa.

Mchana huo alijipeleka kituo cha polisi na orodha ya majina kumi na tisa.

*

Mahakama ilikizuia kituo kuunguza watu lakini ikaacha Kurunzi ipime. Tusa alikuwa nje kwa dhamana, ameshitakiwa kwa kuharibu mali ya serikali, na kesi ya wale kumi na tisa ilikuwa bado inaandaliwa. Hakuruhusiwa kugusa mgonjwa. Habari za Ambilikile alizipata kwa Sista Bupe, na wiki ya tisa zilikuja hizi: asubuhi, mkewe akiwa kisimani, alikwenda peke yake machinjioni, akaweka mkono wa kulia juu ya gogo la kukatia mifupa, na kwa mkono wa kushoto akapiga shoka. Vidole vitatu na kipande cha kiganja. Alitaka mkono usiweze tena kushika mpini.

Wiki ya kumi na tatu Subilaga alimpigia simu. Hakusema mengi. "Baba Lugano anakuita," alisema, akakata.

Aliwakuta barazani, mchana, jua limetoka baada ya ukungu. Ambilikile alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, umekaa juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine. Lugano alikuwa amempanda mgongoni akimsuka nywele fupi za kisogoni, akimkaripia kila akitikisika. Subilaga alikaa kwenye ngazi, karibu, macho hayabanduki kwa mtoto. Yeye alikuwa hajapona bado.

"Walinipima juzi," alisema Ambilikile. "Kule chini kumezimika. Juu kumewaka. Sista amenionyesha."

"Na lile wazo?"

"Linakuja. Asubuhi ya leo limekuja mara mbili. Linapita kama mtu nisiyemjua anapita barabarani. Namwona, simwiti, anakwenda zake." Mtoto alimvuta nywele, naye akamwinamishia kichwa. "Nilidhani nikipona nitakushukuru. Nimekaa hapa siku tatu naitafuta hiyo asante."

"Hudaiwi."

"Subiri nimalize." Aliinua mkono wenye bendeji, akautazama pande zote. "Siku ile Profesa alikuwa ameshaamua juu ya kichwa changu. Halafu ukaamua wewe. Nilikuwa hapohapo, mtu mzima, nasema kwa sauti ninachotaka, na hakuna aliyenisikia kati yenu. Tofauti yako na yeye ni moja tu, Daktari. Wewe ulipatia."

Tusa aliinamisha kichwa. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, juu ya breki na juu ya Mwalimu Asegelile, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa mbele ya mkono ule.

"Kesi yako lini?" aliuliza Ambilikile.

"Tarehe tisa."

"Wanasheria wako walikuja. Wanataka niseme uliniokoa. Wa serikali nao walikuja, wanataka niseme ulininyima matibabu, vidole vikaenda." Mtoto alikuwa ameanza kuteleza; akampeleka mkono wa kushoto mgongoni, akampandisha tena juu bila kugeuka. Kwenye ngazi, Subilaga alishusha pumzi. "Nitakuja. Nitasema yote mawili."